Mvua Isiyotangazwa

Mmekaa?
— Tumekaa.
Hadithi iko mlangoni, niikaribishe?
— Ikaribishe, iingie.
Hii inauma.
— Iache iume.

Basi zamani, zamani sana, wakati wanyama walipokuwa wakisemezana kama ninavyosema nanyi hapa, palikuwa na bonde lililoitwa Sarame. Bwawa lilikuwa moja, na aliyelitawala alikuwa Simba. Simba alilala ukingoni tangu asubuhi mpaka jua linapinduka, na mnyama aliyetaka kunywa ilibidi amletee mtoto wake mmoja ale. Ndivyo walivyoishi.

Katika mashimo ya kusini mwa bonde aliishi Bi Nungu, nungunungu mwenye maneno machache na miiba mingi. Mumewe alikwenda siku moja kumwomba Simba maji bila kupeleka mtoto. Hakurudi. Bi Nungu alipokwenda kumtafuta aliikuta miiba yake tu, imetawanyika kwenye tope.

Siku ile wanyama walichoka. Nyati akatangulia, pembe zake chini, na wengine wote nyuma yake, wakubwa kwa wadogo. Wakapigana na Simba asubuhi mpaka jioni. Simba akavuka mto wa mchanga, usio na maji, anachechemea, akatokomea. Nyati alitoka na jeraha begani, na jeraha hilo lilimpa heshima ambayo hakuna aliyemwonea wivu.

Wakakutana kwenye uwanja wa mwamba. Wakasema, "Nyati atulinde. Nyati awe Mtemi."

Bi Nungu akasimama. Akasema, "Nyati ametuokoa, nami nakubali atulinde. Lakini Simba naye aliwekwa na babu zetu. Hakuja na bwawa mgongoni. Walimkabidhi wenyewe, wakarudi kulala."

Kisha Nyati mwenyewe akasema, "Bi Nungu amesema kweli. Nifungeni mikono kabla hamjanipa fimbo."

Ndipo wakaunda Baraza. Kila ukoo ukachagua mjumbe wake, nalo Baraza likapewa mambo matatu.

Jambo la kwanza lilikuwa bwawa. Maji ya akiba na malisho ya akiba hayatatolewa kwa yeyote, hata kwa Mtemi, mpaka Baraza liseme yatolewe.

Jambo la pili lilikuwa sheria. Mtemi ataweza kushauri, lakini neno lake halitakuwa sheria mpaka Baraza lilipitishe.

Jambo la tatu lilikuwa swali. Mjumbe yeyote ataweza kusimama amuulize Mtemi jambo lolote, na Mtemi atajibu akiwa amesimama. Akishindwa kujibu, Baraza litaweza kumwondoa.

Korongo akafanywa mwenyekiti, kwa sababu shingo yake ndefu ilimwezesha kumwona kila anayetaka kusema. Na wale wakaao mashimoni, panya buku, mhanga, kicheche na nungunungu, wakamchagua Bi Nungu. Wakamwambia, "Nenda, mama, ukatuulizie."

Kila alipokwenda Barazani alikuwa akiimba njiani. Itikieni nami.

*Nimetumwa, nimetumwa,*
— *na walio shimoni umetumwa.*
*Neno lao mdomoni,*
— *usilimeze njiani.*

Miaka ya kwanza Baraza lilifanya kazi, na ilikuwa raha kuliona. Siku moja Bi Nungu alisimama akauliza, "Mtemi, mbona askari wako wanalisha kwenye malisho ya akiba?" Mkuu wa askari alikuwa Fisi, na Fisi akatazama pembeni. Nyati akasimama. Akasema, "Sikujua. Nitachunguza." Alipochunguza akakuta ni kweli, akarudi Barazani akaomba radhi, na askari wakatolewa malishoni. Siku ile Bi Nungu alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia.

Basi ukaja ukame. Nyasi zikakauka, bwawa likarudi nyuma na kuacha tope lililopasuka. Na katikati ya ukame huo Fisi akaja mbio Barazani, anahema, akasema, "Nyayo za Simba zimeonekana kwenye mchanga wa mto."

Wanyama wakatetemeka. Nyati akasimama akasema, "Waheshimiwa, nahitaji askari wengi zaidi. Askari wanahitaji kula na kunywa. Kila nikitaka kuwapa maji inanibidi nije hapa, tukae, tuzungumze, na Simba hangoji tumalize kuzungumza. Nikabidhini bwawa. Si milele. Mpaka mvua zinyeshe tu."

Bi Nungu alimtazama Nyati begani, pale penye kovu. Akamkumbuka mumewe. Moyo wake haukuwa na shaka.

Korongo akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," wakasema wote, na Bi Nungu miongoni mwao.

"Wasioafiki waseme siyo."

Sauti moja tu ilisikika, ya Ngiri, jirani yake Bi Nungu. "Siyo."

Korongo akasema, "Walioafiki wameshinda."

Walipokuwa wakirudi, Bi Nungu akamuuliza, "Kaka Ngiri, wewe huogopi Simba?"

"Namwogopa sana, dada," akasema Ngiri. "Lakini tumetoa kitu ambacho hatujui tutakirudishaje."

"Mvua zitanyesha."

"Zitanyesha," akasema Ngiri.

Ukame ukaendelea. Askari wakaongezeka, nao wakanenepa. Wanyama wengine walipewa maji kidogo, na wale wa mashimoni, ambao hawana pembe wala kwato za kusukumana, walipewa kidogo kuliko wote. Watoto wa panya buku wakaanza kufa. Bi Nungu akaenda bwawani kulalamika, akaambiwa na askari, "Subiri zamu." Zamu haikufika.

Kisha Nyati akaja Barazani mara ya pili. Sasa alikuwa na askari mbele na nyuma. Akasema, "Waheshimiwa, hali imekuwa ngumu. Wanyama wanapigana kwenye maji. Kila nikitaka kutoa amri, nangoja Baraza. Naomba amri yangu iwe sheria, mpaka mvua zinyeshe tu." Akaomba wajumbe wakalifikirie jambo hilo usiku, waamue kesho yake.

Jioni ile, jua halijazama, Fisi alikuja mashimoni kwa Bi Nungu. Alikuja peke yake, kwa adabu, akakaa chini kabisa.

"Shikamoo, Bi Nungu."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini huku?"

"Nimesikia watoto wa huku wanaumwa kiu. Mtemi amesikia pia, na ameumia. Anasema, pale chini ya ule mteremko, askari wanaweza kuwachimbia kisima. Chenu wenyewe. Hakuna kupanga mstari."

"Mtemi amefanya vyema."

"Ila Mtemi anashindwa kuwapa kisima watu ambao mjumbe wao anampinga kesho. Wengine watasemaje?" Fisi akachora mchanga kwa ukucha wake. "Hakuombi useme ndiyo. Anaomba ukae tu. Usisimame."

Bi Nungu akageuza kichwa. Nyuma yake, ndani ya shimo la jirani, mtoto wa panya buku alikuwa analia kwa sauti iliyokauka, sauti ya kitu kinachosuguliwa.

Kesho yake alikwenda Barazani. Njiani hakuimba.

Ngiri alisimama akapinga. Aliposema alikuwa akimtazama Bi Nungu, maana walikuwa wamekubaliana kwamba akimaliza yeye atasimama dada yake. Akamaliza. Akakaa. Bi Nungu akatazama miguu yake mwenyewe.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo."

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," akasema Ngiri, na wengine wawili watatu wakasema naye kwa sauti ya chini.

"Walioafiki wameshinda."

Ngiri hakumngoja njiani siku hiyo.

Kisima kikachimbwa. Maji yakatoka, machafu kidogo lakini maji. Wale wa mashimoni wakacheza ngoma, wakambeba Bi Nungu, ingawa miiba iliwachoma. Wakasema, "Huyu ndiye mjumbe. Mjumbe ni yule anayeleta kitu nyumbani." Bi Nungu akanywa. Maji yale yalikuwa baridi, na aliyameza kwa shida.

Baada ya hapo Ngiri akaenda mtoni mwenyewe. Akatazama zile nyayo za Simba ambazo Fisi alikuwa akiziripoti kila wiki. Akarudi, akasimama Barazani mbele ya Nyati.

"Mtemi, nina swali," akasema. "Simba akitembea huficha kucha zake. Sote tulimfahamu, wengine tulizika kwa sababu yake, na hakuna aliyewahi kuona alama ya kucha katika nyayo za Simba. Nyayo zilizoko mtoni zina kucha. Fisi ndiye anayetembea kucha nje. Je, zile ni nyayo za nani?"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Fisi. Fisi akawa kama anayetafuta kiroboto mguuni.

Nyati alisimama. Sheria ilimtaka ajibu, na kwa muda mrefu hakujibu. Wanyama wakaanza kunong'onezana. Kama angekaa chini bila jibu, Baraza lingekuwa na haki ya kumwondoa pale pale, na kila mmoja alilijua hilo.

Ndipo akasema, "Waheshimiwa, mnaona? Mjumbe anatoka peke yake mpaka mtoni, anarudi mzima, anataka tuamini hakuna Simba. Nani aliyemlinda huko? Ni nani anayefaidika tukilegea? Kwa amri yangu, ambayo ninyi wenyewe mmeifanya kuwa sheria, anayeeneza habari za kumsaidia Simba atavushwa mto, akaishi na huyo Simba wake."

Askari wakamshika Ngiri. Hakupigana. Alipopita mbele ya Bi Nungu alisema, "Mwangalie mke wangu, dada." Hakuna tena aliyemwona Ngiri katika bonde la Sarame. Kama ng'ambo ya mto alimkuta Simba au alikuta njaa, hadithi haisemi.

Na siku ile ile, kabla vumbi halijatua, Nyati akaomba mara ya tatu. Akasema, "Maswali yanampa Simba siri zetu. Kuanzia leo, mjumbe anayetaka kuuliza aombe ruhusa yangu kwanza. Mpaka mvua zinyeshe tu."

Bi Nungu akasimama. Miiba yake yote ilikuwa imesimama. Akasema, "Waheshimiwa, tumetoa bwawa. Tumetoa sheria. Tumebaki na mdomo. Tukitoa na mdomo, tutadai vile vingine kwa kutumia nini?"

Pundamilia alikuwa ameahidiwa malisho ya mashariki. Akatazama mashariki. Kongoni alikuwa na mwanawe katika askari. Tumbili alikuwa anaogopa tu, hakuahidiwa chochote.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo."

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," akasema Bi Nungu. Sauti yake ilikwenda peke yake mpaka mwisho wa uwanja, haikukuta mwenziwe.

"Walioafiki wameshinda."

Basi Baraza halikuvunjwa. Msidhani lilivunjwa. Liliendelea kukutana, na wajumbe wakajengewa kivuli cha makuti juu ya mwamba, wakaletewa majani mabichi wakati nchi nzima inakula magome. Wakaanza kuitana Mheshimiwa hata nyumbani kwao. Nyati akija waliinuka, akiondoka waliinuka. Bi Nungu naye aliinuka, maana asiyeinuka alikuwa na sheria yake.

Alivumilia kwa sababu ya neno moja. Mpaka mvua zinyeshe. Kila asubuhi alitoka shimoni akatazama juu.

Na mvua ikanyesha. Ilianza kwa upepo wenye harufu ya udongo, kisha ikamwagika kama iliyokuwa inangoja kwa hasira. Watoto walitoka mashimoni wakalala chali midomo wazi. Mbio mbio Bi Nungu akaenda Barazani, anateleza kwenye tope, anaimba kwa mara ya kwanza tangu Fisi alipomletea habari za kisima.

*Nimetumwa, nimetumwa,*
— *na walio shimoni umetumwa.*
*Neno lao mdomoni,*
— *usilimeze njiani.*

Akakuta Baraza limekaa, Nyati mbele na Fisi kando yake. Kivuli cha makuti kilikuwa kinavuja kila mahali. Wajumbe walikuwa wamelowa mpaka mifupani.

Bi Nungu akasema, "Mwenyekiti, mvua imenyesha. Tulikopesha bwawa, tulikopesha sheria, tulikopesha swali. Naomba Baraza lirudishiwe vitu vyake."

Korongo akakunjua shingo yake. Akasema, "Mheshimiwa Bi Nungu, kwa amri ya Mtemi iliyotoka asubuhi, ambayo ni sheria, mvua ni ile iliyotangazwa na Mtemi. Hii haijatangazwa."

"Korongo," akasema Bi Nungu, "maji yanakutiririka mdomoni."

"Naona, Bi Nungu. Lakini haijatangazwa."

Kongoni, maji yakiwa yamemfika magotini, alikuwa akitazama mbele kama mnyama aliyesimama juani. Hakuna aliyecheka.

"Basi nataka kumuuliza Mtemi ataitangaza lini."

"Mheshimiwa ana ruhusa ya Mtemi ya kuuliza?"

"Sina."

"Basi hakuna swali."

"Kama hajibu, naomba Baraza limwondoe. Nguvu hiyo hatukuitoa. Ile hatukuikopesha."

Hapo wajumbe wakainua vichwa. Ilikuwa kweli. Jambo hilo Nyati hakuwahi kuliomba. Pundamilia akapiga kwato moja chini, na Tumbili akafungua mdomo. Hata Fisi alirudi nyuma hatua moja.

Korongo akamtazama Nyati, na Nyati hakusema kitu. Hakuhitaji. Korongo akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu alichokikuta ndani ya koo lake mwenyewe, "Ni kweli, Mheshimiwa. Baraza linaweza kumwondoa Mtemi akishindwa kujibu swali. Lakini hakuna swali lililoulizwa. Kwa hiyo hakuna swali aliloshindwa kulijibu."

Tumbili akafunga mdomo. Mvua ikaendelea kunyesha.

Bi Nungu hakuvushwa mto. Nyati hakuwa mjinga wa kumfanya shujaa. Alichofanya ni kutuma askari kule kusini, wakafukia kile kisima, wakashindilia mawe juu yake. Wale wa mashimoni walipouliza kwa nini, waliambiwa, "Mjumbe wenu ameuliza bila ruhusa."

Wakamwendea Bi Nungu nyumbani. Ni wale wale waliomwambia nenda ukatuulizie.

"Ungenyamaza tu," wakasema. "Mbona siku ile ulinyamaza, tukapata?"

Wakamwondoa. Badala yake wakamchagua Panya Buku, mnyama mpole, mwenye sauti nzuri ya kusema ndiyo. Panya Buku akaahidi kuwarudishia kisima, na hakuna aliyemuuliza atatumia nini kukirudisha. Ile mvua ikapita, madimbwi yakakauka, na bwawa likajaa kimya kimya nyuma ya mgongo wa askari. Haikutangazwa.

Bi Nungu akahamia kwa mjane wa Ngiri. Wakawa wanachimba pamoja kwenye mkondo uliokauka, mmoja kwa pembe, mmoja kwa makucha, wakipata unyevu wa kulamba. Mjane yule hakumlaumu, na hilo lilimuuma Bi Nungu kuliko lawama.

Siku moja Mhanga, mzee wa mashimo, alipita hapo. Akasimama akawatazama wakichimba. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika.

"Bi Nungu," akasema, "nina jambo linanisumbua. Siku ile ya pili, Ngiri alipomaliza kusema, kwa nini hukusimama?"

Bi Nungu akaacha kuchimba. "Watoto wenu walikuwa wanalia, mzee. Mlikuwa na kiu."

Mhanga akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

"Hata sasa tuna kiu, Bi Nungu," akasema, akaenda zake.

Sasa mnaniuliza hadithi hii inafundisha nini. Inafundisha hivi. Baraza lililopewa kazi ya kumzuia mtawala likimkopesha nguvu zake, hata kwa siku moja, hata kwa sababu nzuri, halibaki na mkono wa kuzidai. Na mjumbe akiuza kimya chake ili awaletee watu wake kitu kidogo, kitu hicho kitafukiwa siku atakayofungua mdomo. Na ninyi mnaotuma wajumbe, mkimpigia ngoma yule anayeleta kisima na kumfukuza yule anayeuliza swali, msiulize baadaye nani aliyewanyima maji.

Hadithi niliibeba kichwani, sasa nimeitua chini. Anayeitaka aichukue aende nayo kwao. Asiyeitaka aiache hapo hapo, itamngoja.
— Tumeipokea.
Imewauma?
— Imetuuma.
Basi kalaleni nayo.